Simu za Sauti na Video Ziwekewe Mpaka Kabla ya Kununua Kasi Zaidi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo, kwa miaka kumi na minne niliyofanya kazi ya ufundi wa mitandao hapa Mombasa, nimelikuta karibu katika kila ofisi ninayoitwa, kutoka Ganjoni hadi Changamwe. Simu za mezani zinazopita kwenye intaneti zinakatikakatika, mkutano wa video unaganda watu midomo ikiwa wazi, na mwenye ofisi tayari ameshika kalamu kutia saini mkataba wa kununua kasi kubwa zaidi ya intaneti. Kwa maoni yangu, mara nyingi fedha hizo hutolewa kabla ya wakati wake. Kinachokosekana katika ofisi nyingi si upana wa mkondo bali ni mpaka, kwa maana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuketi akaamua ni simu ngapi zinaweza kupita kwa wakati mmoja, kila moja ichukue nafasi kiasi gani, na ile inayozidi ifanywe nini.

Sisi wakaazi wa mji huu hatuwezi kusema kwamba intaneti iko mbali nasi. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya nchi yetu na ng'ambo yalitegemea satelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sauti ilitumia takribani robo ya sekunde katika kupanda na kushuka tu. Mwaka huo waya wa baharini wa TEAMS kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, na waya wa SEACOM ilianza kazi baada ya kutua hapa Mombasa, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimekuja baada ya hizo. Ni kweli kwamba nyaya za baharini hukatika, kama ilivyotokea Mei 2024 pale EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini na nchi zetu zote zikahisi uzito huo, na siku kama hizo hata fundi hodari hana la kufanya ila kungoja meli ya matengenezo. Lakini malalamiko ninayoyapokea mimi ni ya Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi, nyaya zote za baharini zikiwa nzima, na chanzo chake kiko kati ya meza ya karani na kile kisanduku cha ruta, kinachoiunganisha ofisi na intaneti, kilichotundikwa ukutani.

Niruhusu nianze na hesabu, kwa sababu bila hesabu mazungumzo haya hubaki kuwa ya kubahatisha. Simu nyingi za mezani za ofisini hutumia kodeki, yaani kanuni ya kugeuza sauti kuwa data, iitwayo G.711. Sauti hukatwa vipande 50 kila sekunde, na kila kipande hubeba milisekunde 20 za mazungumzo katika baiti 160 (baiti moja ni biti 8). Kipande hicho hakisafiri uchi; hutiwa katika bahasha ya anwani yenye baiti 40, ndipo kipelekwe. Ukijumlisha, simu moja huchukua kilobiti 80 kwa sekunde kwenda na nyingine 80 kurudi, na ukiongeza mzigo wa waya wa ndani ya ofisi hufika karibu 87. Kuna kodeki nyingine, G.729, ambayo huibana sauti yenyewe hadi kilobiti 8 tu. Nimewaona mafundi waliosoma namba hiyo kwenye karatasi ya kifaa wakaruhusu simu kumi ndani ya kilobiti 80, kisha wakashangaa simu ya nne ilipoanza kukoroma. Walisahau kwamba bahasha haibanwi pamoja na barua. Sauti ya G.729 katika kila kipande ni baiti 20, bahasha bado ni baiti 40, na simu hiyo hasa huhitaji kilobiti 24. Simu kumi ni 240, yaani mara tatu ya walichotenga.

Video ni jambo jingine kabisa. Kwa mujibu wa maelekezo ya Zoom, mazungumzo ya video ya watu wawili huhitaji karibu kilobiti 600 kwa sekunde kila upande yaonekane vizuri, na picha safi ya mistari 720 huhitaji karibu megabiti 1.2, yaani kilobiti 1,200. Hii ina maana kwamba mfanyakazi mmoja anayewasha kamera yake kwa ubora huo amechukua nafasi ya wenzake 15 wanaozungumza kwa sauti. Simsemi kwa ubaya, kwa kuwa hajaambiwa, na hakuna mahali kwenye skrini yake panapomwonyesha kwamba ameshika nafasi ya watu 15.

Jambo la pili ambalo wanunuzi wa intaneti hawaambiwi ni tofauti kati ya kupakua, yaani kupokea kutoka kwenye intaneti, na kupakia, yaani kutuma. Maneno haya sisi watu wa bandarini tuliyajua kabla intaneti haijazaliwa, na kila kuli wa Kilindini angeelewa kwamba gati linaloshusha makontena mengi kwa saa haliwezi kusifiwa kama halina njia ya kuyapandisha mengine. Tangazo la intaneti husema namba moja, na namba hiyo kwa kawaida ni ya kupakua, ilhali kwa huduma nyingi zinazofika kwa njia ya hewa uwezo wa kupakia ni sehemu ndogo tu ya huo. Kwa mtu anayetazama filamu hilo halina uzito. Kwa mtu aliye kwenye simu ndilo jambo lenyewe, kwa sababu simu hutuma kadiri inavyopokea, na upande mmoja ukiziba mazungumzo yote yamekwisha.

Ofisi moja ya mawakala wa forodha, ambayo sitaitaja, ilikuwa na mkondo wa megabiti 20 za kupakua na 5 za kupakia kwa wafanyakazi ishirini na wawili. Kila asubuhi walikuwa na mkutano wa video na tawi lao la Nairobi, na kila asubuhi uliharibika. Wakanunua megabiti 40. Mwezi mzima hakuna kilichobadilika, kwa sababu waliloongezewa ni la kupakua, na upande wa kupakia ulibaki palepale kwenye 5. Nilipoitwa, nilikaa na kompyuta yangu karibu na ruta tangu saa mbili asubuhi nikipima. Kabla ya mkutano pakiti, yaani kipande cha data pamoja na bahasha yake, ilikwenda Nairobi na kurudi kwa milisekunde zisizozidi 15. Mkutano ulipoanza muda huo ulipanda, na ilipofika saa nne kasorobo ulikuwa umepita sekunde moja. Nikazunguka mezani hadi mezani. Watu watano waliokaa chumba kimoja walikuwa wameingia katika mkutano uleule, kila mtu na kompyuta yake na kamera yake. Karani mmoja alikuwa anapakia hati za shehena zilizopigwa picha kwa ubora wa juu mno. Na kamera za usalama za mlangoni, ambazo hakuna aliyezikumbuka, zilikuwa zinapeleka picha zake kwenye seva ya mbali usiku na mchana bila kupumzika.

Inafaa wasomaji waelewe kwa nini mzigo mdogo wa ziada huharibu simu zote na si ile iliyoongezwa peke yake, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupotea. Barua pepe ikichelewa sekunde mbili hakuna anayejua. Sauti haina subira hiyo. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, unashauri kwamba safari ya sauti kutoka kinywani mwa msemaji hadi sikioni mwa msikilizaji isipite milisekunde 150 ili mazungumzo yawe ya raha, na kwamba mtandao usipangwe kwa namna ya kupita milisekunde 400. Ukipita hapo watu huanza kusemeana juu kwa juu, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Tena kipande cha sauti kikipotea njiani kwa kawaida hakitumwi upya, kwa kuwa kingefika wakati neno lake limeshapita.

Upakiaji wa faili hufuata tabia nyingine. Kanuni ya TCP inayousimamia huongeza mwendo kidogo kidogo mpaka njia ijae na pakiti zianze kuanguka, ndipo ipunguze, kisha ianze kupanda tena. Kwa hiyo faili moja tu ina uwezo wa kuujaza mkondo wowote uliopo, uwe mwembamba au mpana, kwa muda wote ambao haijamalizika kwenda. Na ruta nyingi zimetengenezwa na kumbukumbu kubwa ya kupanga foleni, kwa nia njema ya kutotupa kitu. Chukua ruta inayoweka foleni ya megabaiti moja mbele ya mkondo wa megabiti 5 kwa sekunde: pakiti iliyo mwisho wa foleni hiyo itangoja sekunde 1.6 kabla ya kutoka. Pakiti ya sauti ikija inasimama nyuma ya zote hizo, na ikitoka haina faida tena. Hapo ndipo mteja hunionyesha kipimo cha kasi kwenye simu yake na kuniambia kwamba kasi anayolipia anaipata yote. Anasema kweli. Anaipata yote, na bado hasikii anachoambiwa.

Wataalamu wameishughulikia foleni hii kwa miaka mingi. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitangaza njia ya kuizuia isirefuke, inayoitwa CoDel, na mwaka 2018 toleo lake linalogawa zamu kwa haki baina ya mazungumzo mbalimbali likachapishwa katika waraka wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 8290. Leo njia hiyo imo katika ruta nyingi ambazo ofisi ya kawaida inaweza kuzinunua, lakini mara kwa mara naikuta imezimwa, au imewashwa na hakuna aliyeiambia mkondo una upana gani, jambo ambalo ni sawa na kutoiwasha.

Hata hivyo, kupanga foleni vizuri hakutoshi pale ambapo simu zenyewe zimezidi uwezo wa mkondo. Anayevuka Likoni kila siku analijua hili kuliko mhandisi. Kivuko kikijaa, lango hufungwa. Wanaobaki nyuma hukasirika na wana haki ya kukasirika, lakini waliokwisha kupanda huvuka, na gari la wagonjwa likija hupewa njia. Hakuna mtu mwenye akili anayependekeza kwamba lango liachwe wazi ili asikasirike yeyote. Katika mitandao yetu ya simu tumeliacha lango wazi. Simu ya kumi na tatu inaingia mahali penye nafasi ya kumi na mbili, na kwa kuwa pakiti zake huchanganyika na za wenzake, zote kumi na tatu huharibika kwa pamoja.

Vituo vya simu vya zamani havikufanya hivyo. Laini zikijaa ulisikia mlio wa kukwambia kwamba zimejaa, ukaweka mkono wa simu chini, ukajaribu baadaye, na aliyekuwa anazungumza hakusumbuliwa. Hesabu ya kuamua laini ngapi zinatosha watu wangapi ilifanywa na A. K. Erlang, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1909 na 1917, na hesabu hiyo bado inafanya kazi. Inasikitisha kwamba tumenunua mitambo mipya yenye uwezo wa kila namna na tukapoteza ule uaminifu wa kumwambia mtu kwamba nafasi imejaa.

Sasa nieleze nilichofanya katika ofisi ile, kwa kuwa wengine wanaweza kukifanya bila kuniita. Kwanza niliiambia ruta kwamba mkondo wa kupakia ni megabiti 4.5 badala ya 5, ili foleni ikae ndani ya ruta yetu ambayo tunaweza kuiongoza, badala ya kukaa katika kifaa cha mwuzaji ambacho hatukigusi. Katika hizo 4.5 nilitenga kilobiti 960 kwa sauti, ambazo ni simu 12 za G.711, na nikaupa mfumo wa simu za mezani amri ya kutoruhusu ya kumi na tatu kupita hapo. Ikija, hupelekwa kwenye laini ya kawaida ya simu ya mkononi, na hiyo nayo ikiwa na mtu, mpigaji husikia mlio wa kujaa. Pakiti za sauti zilitiwa alama nambari 46, ambayo vifaa vya mtandao huitambua kama ruhusa ya kutangulia. Alama hiyo huheshimiwa mlangoni petu tu, kwa sababu ikishatoka kwenye intaneti ya umma wengi huipuuza, lakini mlangoni ndipo palipokuwa na msongamano. Video nikaipa megabiti 2.4 na si zaidi. Megabiti moja na ushei iliyobaki ikawa ya hati, barua na kamera, pamoja na ruhusa ya kuazima nafasi ya sauti na video wakati haitumiki, kwa sharti la kuirudisha mara tu inapohitajika.

Lazima nikiri hapa ugumu mmoja. Mfumo wa simu za mezani unajua kuhesabu simu zake, lakini haujui kitu kuhusu simu za WhatsApp zinazopigwa na wafanyakazi kupitia Wi-Fi ya ofisi, wala mikutano ya Zoom. Ruta nayo haiwezi kuikataa simu ya tatu ya video kwa adabu. Inachoweza ni kuyabana mazungumzo yote ya video ndani ya kiasi kilichotengwa, na programu zenyewe, zikihisi zimebanwa, hupunguza ubora wa picha. Kwa hiyo mtu anahitaji nyua mbili: mmoja kwenye mfumo wa simu, unaohesabu, na mwingine kwenye ruta, unaopima. Anayeweka mmoja tu huja kunilalamikia baada ya wiki mbili. Vilevile mpaka hupangwa kwa kuangalia ncha zote mbili. Kama tawi la upande wa pili lina mkondo mwembamba kuliko wako, ule wao ndio unaotawala.

Wale watano wa chumba kimoja niliwaomba wakae mbele ya skrini moja kubwa na kamera moja. Kwa tendo hilo peke yake mkutano ulishuka kutoka mikondo mitano ya video hadi mmoja, na hakuna aliyetoa shilingi.

Kilichonichukua muda mrefu kuliko ruta ni heshima. Mkurugenzi alikubali kila nilichosema mpaka nilipomwambia kwamba mpaka huo utamhusu na yeye, na kwamba video yake ya mistari 1080, ambayo kwa maelekezo yaleyale ya Zoom hutaka megabiti zaidi ya 3, haitapita. Katika ofisi zetu mkubwa hakataliwi na mtu, seuze na mashine. Nilimweleza kwa upole kwamba video yake hiyo peke yake ingekula zaidi ya yote yaliyotengwa kwa video ya ofisi nzima, na kwamba karani wake anayezungumza na wakala wa meli kuhusu kontena linalolipiwa ada ya kuchelewa kila siku ana neno la haraka kuliko uso wa yeyote kuonekana vizuri. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kubaki kwenye mistari 720. Anaweza, na yuko hapo mpaka leo. Nimeona ofisi nyingine ambako fundi aliogopa kulisema jambo hili, akamwachia mkubwa mlango wa siri usio na mpaka, na mpango wote ukawa bure, maana mlango mmoja usio na mpaka unatosha kuujaza mkondo.

Wapo watakaosema kwamba nasumbua watu kwa hesabu wakati dawa ni kununua kasi ya kutosha na kuachana na mambo haya. Sipingi kununua kasi pale inapohitajika kweli. Ofisi yenye watu wanane ambao kazi yao inawalazimu kuwa kwenye video kwa wakati mmoja haiwezi kuokolewa na mpaka wowote juu ya megabiti 5 za kupakia. Lakini nimekwisha kueleza kwamba faili hupanda mpaka njia ijae, na programu za video nazo hupandisha ubora wa picha zikiona nafasi, kwa hiyo mkondo mpana usio na mpaka hujazwa kama ulivyojazwa ule mwembamba, ila kwa bei kubwa zaidi. Utaratibu unaofaa ni kuweka mpaka kwanza, kutazama kwa mwezi mmoja ni simu ngapi zimekataliwa na saa ngapi, kisha kwenda kununua ukiwa na namba hiyo mkononi.

Hali hii si ya maofisini tu. Mama yangu anakaa Kisauni katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati, na wapangaji wote wanatumia mkondo mmoja ulionunuliwa na kugawanywa kwa Wi-Fi. Kila Ijumaa baada ya sala ndugu yangu aliye kazini Jeddah humpigia simu ya video. Kwa miezi mingi yalikuwa ni masikitiko. "Mwanangu, sauti yako yaja vipande vipande," mama alikuwa akimwambia, naye ndugu yangu huko akisikia kimya, kisha maneno matatu, kisha kimya tena, na mara nyingi walikata simu bila kuagana. Hakukuwa na wa kulaumiwa. Vijana wa chumba cha pili walikuwa wanapakia video zao za biashara, na Ijumaa mchana ndiyo nafasi yao. Niliwasha katika ruta ile mgawo wa zamu niliotaja, nikaweka upana wa mkondo kidogo chini ya ule halisi, na katika simu ya mama nikachagua, katika mipangilio ya WhatsApp, ile sehemu ya kutumia data kidogo wakati wa simu. Video za vijana zinachelewa dakika chache kufika. Mama na mwanawe wanazungumza mpaka wamalize.

Wengi katika pwani hii wana mtu wao Oman, Saudia au Dubai, na simu hiyo ya wiki ndiyo nyumba yao yote kwa siku hiyo. Ndiyo maana siwezi kulichukulia jambo hili kama la mafundi peke yao. Nalifikiria pia tangu mahakama zetu zilipoanza kusikiliza kesi kwa njia ya video mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, na nalifikiria kila ninapoingia katika zahanati ambako daktari anamwuliza mwenzake aliye mbali kuhusu mgonjwa aliye mbele yake. Katika zahanati moja niliyohudumia, mazungumzo ya namna hiyo yalikatika mara tatu kwa sababu kompyuta ya mapokezi ilikuwa inapakia nakala za akiba za wiki nzima saa tano mchana. Tuliihamisha kazi hiyo hadi saa nane usiku. Ilichukua dakika kumi, na ingeweza kufanywa miaka miwili mapema kama kungekuwa na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kuuliza mkondo unatumiwa na nani na saa ngapi.

Kwa wauzaji wa intaneti, nina maombi mawili. La kwanza, namba ya kupakia iandikwe katika tangazo na katika mkataba kwa herufi zilezile za namba ya kupakua. La pili, neno "hadi" linalotangulia kasi liambatane na maelezo ya mkondo huo unagawanywa na wateja wangapi, kwa kuwa mtu hawezi kuweka mpaka ndani ya kitu asichojua ukubwa wake. Naiomba Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilifanye hili kuwa sharti badala ya hisani. Mpaka hapo litakapotekelezwa, nawashauri wenye ofisi wasikubali kipimo cha kasi kilichochukuliwa na fundi wa kampuni jioni ofisi ikiwa tupu. Kipimo kichukuliwe siku tano za kazi, saa tatu hadi saa sita mchana, kupakia na kupakua, na pamoja na kasi upimwe muda wa pakiti kwenda na kurudi wakati mkondo umejaa. Ile namba ndogo kuliko zote mtakayoipata kwa upande wa kupakia ndiyo mtakayoanzia hesabu ya simu zenu.

Wako,
Fundi wa mitandao,
Tudor, Mombasa